Tandiko la Babu Yenu, Nililolifuata Mpaka Mfangano

Nyinyi vijana mnaokaa viti vya nyuma kanisani, na nyinyi wajukuu mnaokuja likizo na kuniuliza mimi nyanya yenu, "Dani, ulienda kutafuta nini Mfangano na hayo magoti yako mabaya?", kaeni chini sasa. Nimeandika kwa daftari ndio nisirudie rudie. Kila nikisimulia kwa mdomo mnacheka mahali si pa kucheka, na mimi naacha katikati.

Wengine wenu hamkumjua babu yenu. Alifanya kazi ya farasi miaka mingi kule Molo, kwa mama mmoja Mzungu. Alikuwa saisi, yaani kulisha farasi, kuwasugua, kusafisha kwato. Baadaye yule mama akaona anakaa vizuri juu ya farasi, akamfundisha ile ya adabu wanaita dresaji. Si mbio. Farasi anatembea kama mtu anayeingia kanisani amechelewa, anavuka miguu polepole, anasimama akiambiwa, na yule amempanda hutakiwi kuona akifanya chochote. Shida ilikuwa miguu ya babu yenu. Paja refu sana, halafu kutoka goti kwenda chini, fupi. Kila tandiko alilopewa, goti lake lilipita mbele ya ngozi ya kando likabaki hewani, na yeye akasukumwa nyuma mpaka farasi akaumwa mgongo. Yule mama akaita fundi. Akapimwa, akashonewa tandiko lake peke yake, zile ngozi mbili za kando zikakatwa kwenda mbele kufuata paja, na chini zikafupishwa ili mguu umfikie farasi. Siku ya kustaafu akaja nalo nyumbani, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine duniani lingemtosha.

Hapa Suna hatuna farasi. Babu yenu alichukua gogo la mkalitusi, akalipigilia miguu minne, akaliweka nyuma ya nyumba, na tandiko juu yake. Jioni anakaa hapo. Watu walikuwa wakipita wanamwamkia kwa sauti ya kuamkia mgonjwa.

Atieno ndiye alikuwa anapanda naye, mbele yake. Huyu ni mtoto wa binti yangu marehemu, nimemlea tangu akibebwa. Miguu ya babu yake aliichukua yote, paja na goti. Shuleni walimwita Panzi. Nyumbani pia walimwita hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Sasa ni mwanamke wa miaka ishirini, yuko Nairobi, naye ni saisi. Wiki ile ya safari yangu alinipigia simu.

"Dani, ile tandiko ya Babu bado iko kwa Babu Ochola?"

"Unaitakia nini?"

"Jumatano wanachagua saisi mmoja afundishwe kupanda mpaka awe mwalimu. Mwalimu anasema mimi ndiye najua kuliko wote. Lakini kila tandiko ya hapa, goti langu linatoka nje, farasi anarusha kichwa. Amesema nikipata ya kunitosha, hiyo nafasi ni yangu."

Nikamwambia, "Nitaileta."

Babu Ochola ni shemeji yangu, ndugu wa babu yenu. Kwetu mwanaume akizikwa, wazee wanakaa siku moja kugawa vitu vyake. Vyombo vya kazi, kama jembe na panga, vinabaki kwa boma lake. Kiti alichokalia kinaenda kwa ndugu yake, na hakikaliwi na mwanamke wala mtoto. Walipofika kwa tandiko wakabishana. Wengine wakasema hicho ni chombo cha kazi. Wengine wakasema, hapana, tulimwona amekikalia kila jioni, ni kiti. Wakaniuliza mimi mjane. Nikasema ni kiti. Ochola akalibeba akaenda nalo Homa Bay, na ni miaka tisa sasa.

Suna mpaka Rongo

Nilitoka Alhamisi asubuhi. Mpango ulikuwa Ijumaa kabla jua halijazama niwe nimerudi, ili Sabato inikute nyumbani. Nikiwa mlangoni nilimwambia mwanangu Ouma, "Lile gogo la nyuma ya nyumba lipasueni. Mvua inakuja, kuni hakuna, na kuku wanalichafua bure." Akasema sawa mama.

Kabla ya Rongo gurudumu la gari likapasuka. Dereva akatoa lile la akiba, nalo halina upepo. Tukashuka tukakaa kando ya shamba la miwa saa mbili nzima. Mama mmoja alikuwa na ndizi mbivu akatugawia, na kwa sababu ya hizo ndizi watu wakaanza kuulizana safari. Mmoja anaenda hospitali, mmoja anaenda kuchukua mbuzi. Kijana mmoja wa miwani akanigeukia.

"Na wewe mathe, unaendea nini?"

"Tandiko la farasi."

Akavua miwani yake. "Mathe, Homa Bay hakuna farasi."

"Najua. Ndio maana limekaa bure."

Wakacheka wote mpaka yule wa hospitali akashika mbavu. Mimi nilikuwa nimesema ukweli tu. Nikala ndizi yangu.

Rongo mpaka Homa Bay

Ochola alikuwa amehama. Pale nilipomjua karibu na ziwa kuna watu wengine, wakaniambia amepanda juu, nyuma ya soko. Mtu wa pikipiki akaniuliza ninatafuta nini kwa huyo mzee. Nikamwambia kiti cha kupandia, cha ngozi, kimetengenezwa kwa kipimo cha mtu. Akasema, "Ah, hiyo najua," akanipeleka mbio mpaka kwa fundi wa kushona viti vya pikipiki.

Ningekasirika, lakini huyo fundi alikuwa mtu wa adabu. Akanipa stuli. Nilipomweleza vizuri, akaacha cherehani.

"Mama, huyo mjukuu wako shida yake naijua. Hata mimi naletewa na watu warefu. Watu wanafikiri kiti kinakatwa kwa makalio. Kiti kinakatwa kwa paja. Ukikosea hapo, mtu atakaa siku nzima anapigana na kiti."

"Unaweza kushona la farasi?"

"Sijawahi hata kugusa farasi. Lakini mtu akiniletea umbo lake limechorwa kwa karatasi, ngozi nakata. Kipimo ndicho kitu."

Nikamshukuru. Nilifikiri ni maneno ya mtu anayependa kazi yake, nikaenda zangu.

Ochola nilimkuta amekaa nje anamenya njugu. Amezeeka. Akaniangalia kutoka kichwa mpaka viatu.

"Shemeji. Miaka tisa. Umekuja kuniambia sasa umekubali nikurithi?"

"Nikubali nini na huna meno?"

"Meno si ya kurithi." Akanipa njugu. Akaniulizia watu wa Suna mmoja mmoja, na mimi nikajibu mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Halafu nikamwambia nimekuja kuchukua tandiko. Akashusha macho kwa njugu zake.

"Shemeji, hilo halipo."

"Liko wapi?"

"Nililiweka ndani juu ya boksi. Siku ya kwanza nikakaa, nikaanguka, mkono ukateguka. Mkono ukapona, nikakaa tena. Hiyo siku nikaota ndugu yangu. Amesimama kwa mlango na buti zake za Molo, ananiangalia magoti. Akaniambia, 'Ochola, shuka. Hujui kukaa.'" Akatikisa kichwa. "Mtu amekufa na bado anafundisha. Nikampa Obura wa Sindo. Yeye ana punda."

Nikasimama. Nilimwambia kiti cha ndugu hakitoki nje ya ukoo, na kwamba mimi sikumpa yeye ili ampe punda. Nilisema mengine pia. Akaningoja nimalize.

"Shemeji, usinipigie kelele. Sisi wote siku ile tulijua ni chombo cha kazi. Wewe ndiye ulisema ni kiti."

Nikakaa tena. Nililala hapo kwake, bibi yake akanipikia kuku, na sikumaliza hata paja.

Homa Bay mpaka Sindo

Ijumaa nilitoka mapema lakini gari lilingoja watu mpaka jua likawa kali. Sindo nilifika alasiri. Obura ni mtu mfupi, mcheshi, anabeba maji na samaki kwa punda, na Sindo nzima inamjua kwa sababu ya kuimba kwake. Akanipeleka kwa punda kwanza, hata chai bado. Mgongoni ana gunia limejazwa nyasi.

"Hiyo ndiyo tandiko yangu, mama. Ile yako ilimkataa."

"Ilimkataa vipi?"

"Mgongo wa punda umechongoka. Ile imetengenezwa kwa mgongo mpana. Siku tatu tu, akatoka vidonda huku na huku. Siku ya nne akaniuma." Akanionyesha kovu kwa bega. "Nikampa dada ya bibi yangu, Rose, Mfangano. Alikuwa na kazi nayo."

"Mfangano kuna farasi?"

"Hakuna."

"Punda?"

"Mama, enda ujionee."

Bibi yake akaleta chakula, ugali na samaki ameiva vizuri, mchuzi mzito. Nikauliza ni samaki gani. Kamongo. Sisi Waadventista samaki asiye na magamba ya kutolewa hatuli. Nikala ugali na chumvi. Yule mama akafikiri nimeona uchafu nyumbani kwake, akainuka akaosha sahani mara ya pili mbele yangu, akaniletea kamongo yule yule. Ikabidi nimweleze. Akasema, "Na si ungesema mapema, nikuchinjie kuku." Macho yake yalikuwa yamejaa. Yeye ni Mkatoliki, kwake mgeni asipokula ni aibu ya mwaka. Nilimshika mkono. Mimi si mtu wa kushika watu mikono.

Boti ya mwisho ya Mfangano ilikuwa inaondoka, na jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya maji. Obura akasema nipande, ni mwendo mfupi. Nikakataa, Sabato itanikuta njiani.

"Mama, na Mungu wako hawezi kufunga macho mpaka boti ifike?"

"Hafungi."

Kwa hiyo Jumamosi nzima nilikaa Sindo. Nilienda kanisa la huko, la mabati matupu, tukaimba, nikalala kwa Obura tena. Atieno alipiga simu mara tatu na sikushika, ilikuwa Sabato na sikuwa na jambo la kumwambia. Kuna ndugu zenu wameshasema eti Sabato ndiyo ilimwangusha Atieno. Msiseme hivyo. Someni mpaka mwisho.

Mfangano

Jumapili boti iliondoka asubuhi na mapema, imejaa beseni za akina mama wa samaki. Mawimbi yalikuwa madogo lakini mimi ni mtu wa nchi kavu, nilishika ubao mpaka vidole vikafa ganzi. Mama mmoja akaniambia nikiangalia kisiwa badala ya maji tumbo litatulia. Nikaangalia kisiwa, na kweli likatulia.

Rose hakuwa mgumu kupatikana. Alikuwa anaanika omena, wale dagaa wetu, karibu na maji, mwanamke mwembamba, haongei sana. Nilipotaja Obura na tandiko, akaacha omena, akanawa mikono, akasema, "Nilijua siku moja mwenyewe atakuja." Akatangulia. Nyumba yake iko pale pale juu ya ufuo.

Chini ya kivuli cha ukuta palikuwa na kipande cha boti kuukuu kimesimamishwa juu ya mawe, na tandiko la babu yenu limefungwa juu yake. Lilikuwa limepakwa mafuta, linang'aa. Juu yake amekaa msichana kama wa miaka kumi, mgongo wima, anashona nyavu.

Rose akaniambia huyo ni Mercy. Miguu yake haikupata nguvu tangu kuzaliwa, na kiuno pia hakishiki. Ukimweka kwa kiti cha kawaida anaanguka upande. Kwa mkeka alikuwa analala tu, anaangalia mabati. Lakini kwa tandiko, zile ngozi za mbele zinashika magoti yasiteleze, ile sehemu ya nyuma iliyoinuka inashika kiuno, na mkanda wa tumbo la farasi umezungushwa kwake mara mbili. Anakaa kutoka asubuhi mpaka jioni. Amejifunza nyavu. Wavuvi wa ufuo mzima wanamletea yeye.

Nilisalimia. Mtoto akaitikia bila kuacha sindano.

"Huyu nyanya ndiye mwenye kiti," Rose akamwambia.

Mercy akaniangalia. Mtoto ana macho ya mtu mzima. "Umekuja kukichukua?"

Nikaangalia ule mkanda.

"Wacha nimalize hii. Ni ya mtu, anaenda nayo jioni."

Akainama akaendelea, haraka zaidi. Rose akaja nyuma yake, akaanza kufungua mkanda polepole. Hakulia, hakuniomba. Mimi nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote tayari, kwamba kiti cha ndugu hakitoki nje ya ukoo, kwamba Ochola alikosea, kwamba ni haki yangu. Na ilikuwa haki yangu. Mtu yeyote angesema.

Sasa niwaambie ile siku ya kugawa vitu, kwa sababu ndiyo nilikuwa naiona pale. Ochola alisema kweli. Nilijua tandiko ni chombo cha kazi. Kama ningesema hivyo, lingebaki kwa boma. Nilisema ni kiti kwa sababu nilitaka litoke. Wamama walikuwa wameniambia maneno, eti mtoto wa kike anakaa mguu huku na mguu huku, na kwa miguu kama ile. Nilimwonea aibu mjukuu wangu. Ochola alipoliinua, Atieno alishika mkanda wa tumbo, ule ule. Alikuwa na miaka kumi na moja na alikuwa na nguvu. Nilitoa vidole vyake kimoja kimoja. Halafu nikampiga kofi mbele ya wazee, na hao wazee wakasema nimefanya vizuri.

Rose alikuwa amefungua kifungo cha kwanza cha mkanda. Mtoto akaanza kuinama upande, bado anashona.

"Acha," nikamwambia Rose. "Funga tena."

"Mama, ni chako."

"Nimesema funga."

Akafunga. Nikatafuta jiwe la kukalia. Rose akaleta chai ya rangi na kiazi kitamu. Nikawaeleza habari ya Atieno, miguu yake, farasi, Jumatano. Mercy alisikiliza yote. Mwisho akauliza, "Paja lake linazidi la watu kwa ngapi?"

"Kama shubiri."

"Mbona usipime kiti? Mimi nyavu ikiraruka sana, sipewi ile nyingine nzima niende nayo. Napima macho yake, yale matundu, natengeneza kama hiyo."

Nikakumbuka fundi wa Homa Bay. Rose akapasua mfuko wa simiti, tukautandika kando ya tandiko, nikachora na makaa zile ngozi za kando, moja moja, mahali zinapokwenda mbele na mahali zimefupishwa chini. Mercy akatoa uzi wa nyavu, ule usiovutika. Akapima urefu wa kiti na kupiga fundo, upana na kupiga mafundo mawili, kimo cha nyuma na mafundo matatu. Akanifanya nirudie mpaka akaona nimeshika. Aliponiona nimekosea akasema, "Nyanya, wewe uko haraka ya kwenda wapi?" Mama yake akamkemea. Nikasema aache, mtoto anasema kweli.

Simu hapo ufuoni haikuwa inashika. Nilipanda njia ya mlimani mpaka karibu na mti fulani wanapopigia wote. Atieno akashika kabla haijalia mara mbili.

"Dani, umeipata?"

"Nimeipata."

Akacheka. Wajukuu, sikuwa nimemsikia huyo mtoto akicheka namna hiyo tangu babu yenu akiwa hai. Akaanza kuita wenzake. Nikamkata.

"Atieno. Siji nayo."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Kuna mtoto anaikalia. Hana miguu ya kumshikilia. Nimechora umbo lake kwa karatasi, na vipimo vyote. Fundi atakushonea."

"Kufikia Jumatano?"

Nikahesabu siku kwa vidole.

"Dani, ungemtafutia kiti kingine. Ungeleta hata wiki moja tu, halafu ningerudisha."

"Nilishindwa. Ni mtoto."

Kulikuwa na upepo mwingi, nikafikiri simu imekatika. Halafu akasema, bila kelele, "Hata mimi nilikuwa mtoto, Dani." Akakata.

Nilikaa pale juu muda mrefu. Watu walikuja wakapiga simu zao wakashuka. Hakuna aliyeniuliza kitu, na hiyo ni adabu nzuri ya watu wa Mfangano.

Kurudi Suna

Jumatatu nilivuka, nikapita Homa Bay bila kusimama kwa Ochola. Nilibeba karatasi ya simiti imekunjwa ndani ya leso, na uzi nimeuzungusha mkononi. Mtu mmoja garini akaniuliza kama ni dawa. Nikasema ndiyo.

Hiyo karatasi na uzi wake vilipanda basi la Nairobi siku hiyo hiyo. Jumatano Atieno alipanda farasi na tandiko la wote, goti nje. Walimchagua mwingine. Yeye hakunipigia, aliandika ujumbe: "Karatasi imefika. Fundi wa hapa anasema aliyekata hii alijua miguu. Itachukua miezi, nikipata ngozi." Hakuandika Dani. Tangu hiyo siku nikipiga anashika, ananiamkia vizuri kama anavyoamkia mkubwa yeyote, anauliza magoti yangu, anasema ana kazi. Kwa hiyo mkimwona kabla yangu, msimwambie nimeandika. Ataambiwa na mimi.

Lakini niliwaambia mtasikia safari mpaka mwisho, na mwisho wake ni Jumatatu, nikiingia boma na viatu mkononi kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha.

Ouma alikuwa nyuma ya nyumba na shoka. Lilian, bibi yake, anakusanya vipande. Walikuwa wamefanya nilivyosema. Gogo lilikuwa limepiga magoti mbele kama ng'ombe anayelala. Miguu miwili ilikuwa imekatwa, imeshapasuliwa, mmoja uko jikoni tayari unawaka. Miwili ya nyuma ilikuwa bado. Juu ya gogo, mahali tandiko lilikuwa linakaa, mti umelainika kwa miaka ya babu yenu, na mbele yake kuna sehemu nyingine ndogo, ya kutosha mtoto, imelainika pia. Sikuwahi kuiona hiyo. Nilikuwa naona mavi ya kuku tu.

"Mama, karibu," Ouma akasema. "Kimebaki kidogo, kesho tunamaliza."

Lilian akaniuliza tandiko liko wapi. Nikaweka viatu chini. Nikawaambia wote wawili, na wale watoto waliokuwa jikoni nikawaita watoke wasikie:

"Weka shoka chini. Hizo kuni zilizobaki pikieni, hakuna shida. Kesho asubuhi mtaenda kwa mkalitusi wa chini, mkate miguu miwili muirudishe hapa. Pimeni na hii iliyobaki. Isiwe mifupi."